Je, Wajua? Wababe wa Kale, Wabeba Mifupa na Gunia la Korosho

Je, wajua kwamba dambeli iliyowatoa jasho wababe wa Ulaya ni nyepesi kuliko gunia moja la korosho? Mwenyewe aliitwa Thomas Inch, Mwingereza wa Scarborough, mzaliwa wa 1881. Dambeli yake ya chuma cha kumimina ilikuwa na ratili 172, yaani kilo 78. Alizunguka nayo kwenye kumbi za maonyesho akitangaza donge nono kwa atakayeinyanyua kwa mkono mmoja, na mwisho wa onyesho donge hilo lilirudi mfukoni mwake. Gunia la korosho ghafi linaloshonwa kwenye maghala ya Mtwara ni kilo 80.

Siri ilikuwa kwenye mpini. Ulikuwa na unene wa sentimita 6, kwa hiyo vidole havikuweza kuuzunguka na kukutana. Ukijaribu kuinua, dambeli nzima inageuka na kukuponyoka. Mbeba gunia ana mgongo, shingo, mapaja na magoti ya kumsaidia. Inch aliwanyima watu vyote hivyo akawaachia vidole tu. Ni ujanja, lakini ujanja halali, maana yeye mwenyewe aliinyanyua.

Je, wajua kwamba mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55? Kule Kilimanjaro kanuni inasema mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mgeni. Sasa rudi ghalani ukatoe hesabu.

Na kama hujawahi kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, itazame msimu wa mnada ukifika. Kuli analikunja gunia tupu, anasukuma pembe moja ndani ya nyingine, anapata kofia inayofunika kisogo na mabega. Wenzake wawili wanashika masikio ya gunia, wanalibembeza mara moja, mara mbili, na la tatu linapaa. Yeye hasubiri limwangukie: anajitupa chini yake magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, analipokea juu ya shingo na mabega, kisha anaanza kutembea papo hapo, hatua fupi za harakaharaka. Kusimama ndiko kunakochosha. Ubao wa kupandia lori unanesa chini yake, naye ameshaujua mneso huo, anaweka mguu ubao unapopanda. Juu ya lori anageuka nusu, bega linashuka, gunia linalala pale pale linapotakiwa. Wanaolipanga hawaligusi tena ila kwa kulisukuma kwa goti.

Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 310,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka kusini. Gawanya kwa 80 upate magunia karibu milioni 3.9, na kila gunia hunyanyuliwa si mara moja: chama cha msingi, ghala kuu, lori, bandari. Msimu uliofuata, Novemba 2018, serikali iliamua kununua korosho yenyewe na kazi ya kuisomba ikapewa Jeshi la Wananchi. Kwa hiyo hata vijana wenye magwanda wameonja uzito huo.

Naliendele, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, ndiko kilipo kituo cha utafiti kinachoujua mkorosho kuliko mtu yeyote nchini: mbegu zake, wadudu wake, ubwiriunga wake. Salfa ya kupulizia huja kwenye mifuko ya kilo 25. Mkulima anabeba mfuko huo kutoka barabarani hadi shambani, halafu anavaa mashine ya kupulizia mgongoni na kuanza kuzunguka mti kwa mti. Hakuna anayemwita mbabe.

Je, wajua kwamba nguvu ya mwanamke anayebeba mzigo kichwani imepimwa maabara, na wanasayansi wakabaki wameduwaa? Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, akiwemo Norman Heglund. Waliwapima wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Waliwatembeza juu ya mashine na kupima hewa ya oksijeni wanayotumia. Walikuta kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu. Waliubeba bure! Mwanajeshi mwenye begi mgongoni, kwa uzito wa kiasi hicho hicho, hutumia nguvu zaidi kwa asilimia 13 hivi. Wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 70 ya uzito wao.

Maelezo yalikuja 1995. Mwili wa mtu anayetembea hupanda na kushuka kila hatua, na kila ukishuka nguvu kidogo hupotea. Mwanamke aliyezoea kubeba tangu utotoni huirudisha sehemu kubwa zaidi ya nguvu hiyo kwenye hatua inayofuata kuliko mtu asiyezoea. Hii si habari ya misuli, ni habari ya mwendo, na mwendo huo haununuliwi jimu.

Debe la maji lina lita 20, kilo 20. Uwanda wa juu wa Makonde, Newala na jirani zake, mvua inanyesha lakini mchanga unaimeza, mito hakuna. Kabla ya mradi wa maji ya bomba wa miaka ya 1950, wanawake walishuka mteremko mzima hadi bondeni, wakachota, wakapanda nalo kichwani. Kwa mwanamke wa kilo 55, debe ni zaidi ya theluthi ya mwili wake. Hapo si bure tena, hata kwa mwendo wao.

Je, wajua kwamba mbabe mkubwa wa hadithi za Waswahili alijulikana kwa mkoba wake? Fumo Liyongo wa Pate, kwa jinsi Muhammad Kijumwa wa Lamu alivyomtungia utendi mwaka 1913, aliwatisha Wagala kwa kumwaga chini vitu alivyobeba begani: kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga yake. Jiko zima. Nadhani mtunzi alijua anachofanya. Angeweza kumbebesha simba, lakini msikilizaji wa Lamu hakuwahi kubeba simba. Kinu alikuwa anakijua uzito wake.

Liyongo huyo huyo alitoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa aliotumiwa na mama yake, huku ngoma na kelele za waimbaji zikifunika sauti ya chuma kukatwa. Aliyemwua ni mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Kaburi lake linaonyeshwa Kipini, karibu na mlango wa mto Tana.

Je, wajua kwamba Eugen Sandow, baba wa kutunisha misuli, na meli ya vita iliyozama Rufiji wanaunganishwa na mji mmoja? Sandow alizaliwa 1867 katika mji wa Königsberg, Prussia, jina lake halisi likiwa Friedrich Wilhelm Müller. Tarehe 14 Septemba 1901 aliandaa mashindano makubwa ya umbo la mwili pale Royal Albert Hall, London, na mmoja wa majaji alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Sherlock Holmes. Mshindi, William Murray wa Nottingham, alipewa sanamu ya Sandow. Mpaka leo mshindi wa Mr. Olympia hukabidhiwa sanamu ya mtu huyo.

Meli Königsberg, iliyopewa jina la mji huo, ilijificha kwenye delta ya Rufiji na kupigwa na Waingereza tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliivua mizinga yake kumi, wakaipeleka Dar es Salaam kuwekewa magurudumu, kisha wakaanza kuitembeza nchi kavu. Ni mizinga ya meli, haikutengenezwa kuvutwa porini. Iliburutwa kwa kamba na mamia ya watu, kwenye matope na milima. Desemba 1916 ulifikishwa mzinga mmoja mpaka Kibata, kwenye vilima vya Umatumbi. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mmojawapo umepumzika mbele ya ngome. Umbo la Sandow limechongwa kwenye sanamu. Waliovuta kamba hawakuandikwa hata kwenye kibao.

Haraka haraka sasa, wababe wa majukwaani:

Louis Cyr wa Kanada, mwaka 1895 mjini Boston, aliinua kwa mgongo jukwaa walilosimama juu yake wanaume 18, jumla kilo 1,967. Ni magunia 24 na nusu ya korosho. Aliliinua kidogo tu, kisha akalishusha, na hapo ndipo penye tofauti kati ya onyesho na kazi.

Arthur Saxon, Mjerumani, mwaka 1905 alisukuma kilo 168 juu ya kichwa kwa mkono mmoja, akijipinda upande chini ya chuma mpaka mkono unyooke. Magunia mawili na zaidi kidogo, mkono mmoja. Huyu namvulia kofia.

Katie Sandwina, mzaliwa wa Vienna, 1884, alimnyanyua mumewe wa kilo 75 hivi juu ya kichwa kwa mkono mmoja, usiku baada ya usiku, sarakasini. Inasemekana ndoa yao ilidumu.

Gama, mwanamieleka mkuu wa India, anatajwa kulibeba jiwe la kilo 1,200 mjini Baroda mwaka 1902. Jiwe lipo kwenye makumbusho na limeandikwa hivyo. Magunia 15. Kuliinua upande mmoja nakubali. Kulibeba na kutembea nalo, aliyeandika na aulizwe.

Apollon, Mfaransa, jina halisi Louis Uni, alifanya onyesho kwa magurudumu ya gari la reli yaliyounganishwa kwa chuma kinene, kilo 166. Baada yake ilipita miaka mpaka 1930 ndipo Charles Rigoulot akayafikisha juu ya kichwa.

Je, wajua kwamba mmoja wa mizigo mikubwa iliyowahi kubebwa kwa miguu kusini mwa Tanzania ulikuwa wa mifupa? Hapa nitakaa kidogo.

Tendaguru ni kilima kilichoko bara ya Lindi, kaskazini mwa Mtwara. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilileta msafara ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ukaajiri mamia ya watu kuchimba, ukifikia kama 500 kwa msimu. Mkumbuke huo ulikuwa mwaka wa ngapi: vita ya Maji Maji ilikuwa imekwisha juzi tu, mashamba yamechomwa, njaa imepita nyumba kwa nyumba. Watu waliotoka kwenye maafa hayo ndio waliochukua majembe na sururu.

Kuchimba ilikuwa nusu ya kazi. Mfupa mmoja wa mkono wa mbele wa dinosaria mrefu aitwaye Giraffatitan una urefu wa mita 2.13, kuzidi kimo cha mchezaji wa kikapu, na ni jiwe tupu. Wachimbaji waliupaka udongo na kuufunga kwa plasta, au wakausukia kifuko cha mianzi, wakautenganisha vipande kadiri ulivyovunjika wenyewe, kila kipande kikawa mzigo wa mtu mmoja, kichwani. Vile visivyogawanyika vilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, wanne au zaidi. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ni mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu. Hakukuwa na gari, na punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o.

Jumla iliyosafirishwa ilizidi tani 220. Kwa mzigo wa kilo 30, fanya hesabu mwenyewe ujue ni vichwa vingapi vilipita njia ile, vikaenda na kurudi kwa miaka yote hiyo ya kazi. Mwaka 1937 mifupa ya Giraffatitan ilisimamishwa Berlin, kimo chake sasa mita 13.27, mifupa ya dinosaria mirefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani.

Aliyesimamia wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa karibu karne moja jina lake lilibaki kwenye daftari za wataalamu tu, huku Janensch akipewa dinosaria mwenye jina lake, Janenschia. Mwaka 2007 mambo yalibadilika kidogo: dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata mwingine, Wamweracaudia keranjei, jina lililobeba kabila zima la Wamwera na msimamizi mwingine wa uchimbaji, Mohammadi Keranje. Sandow ana sanamu. Boheti ana mjusi wa tani kadhaa. Ningechagua mjusi.

Je, wajua kwamba James Chuma na Abdullah Susi walipita hapa hapa Mikindani kabla hawajawa mashuhuri? Walikuwa kwenye msafara wa David Livingstone ulioshuka pwani hii Machi 1866, ukiwa na ngamia, nyati wa India, nyumbu na punda, kisha ukaelekea Ruvuma. Livingstone alifariki Chitambo, Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa bafta na ganda la mti, wakaushonea turubai iliyopakwa lami ili uonekane ni furushi la kawaida. Walifika nao Bagamoyo Februari 1874, mwendo wa kilomita kama 1,600. Chuma, Myao, hakuacha kazi ya njia: ndiye aliyeongoza misafara ya misheni ya UMCA kwenda Masasi miaka michache baadaye.

Misheni hiyo ya Masasi na Newala ndiko alikofanya kazi Chauncy Maples, aliyezama Ziwa Nyasa 1895 mara tu baada ya kufanywa askofu. Meli iliyopewa jina lake ilitengenezwa Glasgow, ikabomolewa vipande zaidi ya 3,000, ikabebwa mpaka ziwani. Boila la mvuke, tani 11, halikubomoleka. Liliwekwa juu ya magurudumu na kuvutwa kwa kamba na mamia ya Wangoni. Meli ilishushwa majini 1901.

Je, wajua kwamba pembe kubwa kuliko zote za ndovu zilizo kwenye kumbukumbu ziliuzwa Zanzibar? Ni mwaka 1898, zilitoka Kilimanjaro, na sasa ziko makumbusho ya London. Kila moja bado ina zaidi ya kilo 95. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa msafara ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32.

Na je, wajua kwamba hata vifaru vya vita vilishindwa na ardhi ya Tanganyika? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalipokosekana, vifaru vya Sherman vilivuliwa mizinga na kufanywa matrekta ya kung'oa miti. Mibuyu na udongo mgumu vilivivunja. Mradi ulifutwa 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Kusini ilibaki na bandari ya Mtwara, iliyojengwa ili kusafirisha karanga ambazo hazikuja, na reli ya Nachingwea iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ndiyo inayopakia korosho leo. Karanga, tunanunua sokoni kwa kikombe.

Mwisho, kuhusu maonyesho ya nguvu yenyewe. Waliokuwa vijana Tanzania miaka ya 1970 na 1980 watakutajia mbabe Pawa Mabula kabla hujamaliza swali. Na fani hii ina siri ambazo mtazamaji hapaswi kunyimwa.

Yule anayelala chali na kupasuliwa jiwe kifuani kwa nyundo: ombea jiwe liwe kubwa. Jiwe zito halishtuki upesi, linaimaliza nguvu ya nyundo kwa kupasuka kabla haijafika kwenye mbavu. Jiwe dogo ndilo litakalomwua.

Yule anayelala juu ya misumari: msumari mmoja ungemtoboa, mia tano inagawana uzito wake. Kazi ngumu ni kulala na kuamka, si kukaa.

Yule anayevuta lori kwa kamba au kwa meno: kwenye lami tambarare, lori la tani 8 lenye matairi yaliyojaa upepo linahitaji nguvu ya kilo 80 tu au pungufu ili liendelee kubiringika. Kulianzisha ndiko kugumu kidogo, likishaondoka, linamfuata. Kwenye mchanga mlegevu lori hilo hilo linadai mara 20 na zaidi. Kwa hiyo akija mtu Naliendele na kamba yake, spika na kiingilio, mwambieni lami ya barabara ya Newala ina magari mengi, hatutaki ajali. Lori limeegeshwa kule ndani, kwenye mchanga chini ya mikorosho.